Sura Iliyofichwa Ndani ya Kazi: Taswira-Nafsi za Wachoraji na Alama za Watengenezaji katika Visiwa vya Wabajuni na Pwani ya Kismayu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wachoraji mashuhuri walivyojiingiza kwa siri ndani ya kazi zao, kisha yanautumia uchambuzi huo kusoma alama walizoacha watengenezaji wa vyombo na watunzi wa tenzi katika Visiwa vya Wabajuni, pwani ya Kismayu na maeneo jirani. Hoja kuu ni kwamba taswira-nafsi haihitaji uso. Inahitaji mtengenezaji aliyejitia ndani ya kazi yake, na mpokeaji anayezijua kaida za kumtambua. Anapokosekana mpokeaji wa namna hiyo, sura huendelea kuwepo lakini huacha kuonekana. Jambo hili lina uzito kwa watafiti wanaohifadhi urithi wa Wabajuni, na kwa washauri wa sera wanaohusika na utambulisho wa watu hawa, hasa wanapoomba hifadhi ya ukimbizi katika nchi za kigeni. Makala yanamalizia kwa mapendekezo manne kuhusu ukusanyaji, makumbusho na uchambuzi wa lugha.

1.0 Utangulizi

Visiwa vya Wabajuni ni mlolongo wa visiwa vidogo vinavyoandamana na pwani ya kusini mwa Somalia, kutoka Kismayu kuelekea Ras Kiamboni karibu na mpaka wa Kenya. Miongoni mwake ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Wakazi wake, Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, wamejulikana kwa uvuvi, ubaharia na kilimo. Jamaa zao wanaishi ng’ambo ya mpaka katika visiwa vya Lamu, hasa Faza, Kizingitini na Mbwajumwali. Lugha yao, Kibajuni, ambayo wenyewe huiita Chibajuni, ni miongoni mwa lahaja za kaskazini za Kiswahili. Mpaka unaowagawa ni wa juzi: hadi mwaka 1925 Kismayu na Jubaland yote zilikuwa chini ya utawala wa Waingereza pamoja na Kenya, na mwaka huo ndipo zilipokabidhiwa Waitalia.

Tangu dola ya Somalia iliposambaratika mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa vyombo vya baharini hadi Kenya, na baadhi yao wakaendelea hadi Ulaya. Huko wamelazimika kulijibu swali “wewe ni nani?” mbele ya maafisa wasiowajua. Jibu lisilosadikiwa limeweza kumnyima mtu hifadhi.

Swali hilo ndilo mchoraji hujiuliza anapojichora. Historia ya uchoraji ina mifano mingi ya wasanii waliolijibu kwa njia zisizotarajiwa: wakajificha katika kioo, katika ngozi iliyochunwa, au katika kichwa kilichokatwa. Makala haya yanaanza na mifano hiyo kwa sababu imechunguzwa kwa kina na inatupa istilahi za kufanyia kazi. Kisha yanarejea pwani, mahali ambapo uchoraji wa nyuso haukuwa desturi, ili kuuliza mtengenezaji wa huku alijiweka wapi.

2.0 Taswira-Nafsi Fiche ni Nini?

Kwa “taswira-nafsi” tunakusudia kazi ambayo ndani yake mtengenezaji amejionyesha mwenyewe. Katika hali ya kawaida mchoraji huketi mbele ya kioo, akajichora uso na mabega, na mtazamaji akaelezwa kuwa huyu ndiye. Taswira-nafsi fiche ni tofauti. Mtengenezaji yumo, lakini kazi inaonekana kuhusu jambo jingine: karamu, ndoa, kisa cha dini, chombo cha safari, wasia wa mzazi.

Vigezo vitatu vinatusaidia kuitambua. Kwanza, pawepo alama inayomrejelea mtengenezaji mwenyewe au jamii anayoisemea. Pili, alama hiyo isomeke kwa kaida ambayo baadhi ya watu wanaijua na wengine hawaijui. Tatu, kazi ikiondolewa kwa watu hao bila maelezo, maana ya alama ipotee hata kama umbo lake limesalimika. Kigezo cha tatu ndicho chenye matokeo makubwa zaidi katika sera, na tutakirudia.

3.0 Namna Wachoraji Walivyojificha

3.1 Kioo na mng’aro

Mwaka 1434 Jan van Eyck alimchora mwanamume na mwanamke wakiwa chumbani, mkono wa mmoja ndani ya mkono wa mwenzake. Picha hiyo sasa iko National Gallery, London. Ukutani nyuma yao pametundikwa kioo kilichobinuka, na ndani ya kioo wanaonekana watu wawili wakiwa mlangoni, mahali anaposimama mtazamaji. Juu ya kioo pana maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba Van Eyck alikuwepo hapo, pamoja na mwaka. Wengi hufasiri kuwa mmoja wa wale wawili ndiye mchoraji. Maandishi hayo yanasema zaidi ya “nimechora”. Yanasema “nilikuwepo”, na hivyo mchoraji anajifanya shahidi.

Clara Peeters, mchoraji mwanamke aliyefanya kazi mwanzoni mwa karne ya 17 na anayehusishwa na Antwerp, alichora meza zenye vyakula na vyombo vya thamani. Mtu akikaribia baadhi ya picha hizo huona katika matumbo ya bilauri na majagi yanayong’aa sura ndogo sana ya mwanamke: ni yeye. Katika baadhi ya kazi jina lake limechorwa kana kwamba limenakshiwa kwenye mpini wa kisu cha fedha. Katika zama ambazo uchoraji wa hadhi ya juu ulikuwa mikononi mwa wanaume, alijiweka mahali ambapo jicho la haraka halifiki.

3.2 Mwili wa mtu mwingine

Kati ya mwaka 1536 na 1541 Michelangelo alichora Siku ya Hukumu katika ukuta wa Kanisa la Sistine, Vatikani. Mtakatifu Bartholomayo, ambaye kwa mapokeo ya Kikristo alichunwa ngozi, ameshika ngozi inayoning’inia, na katika ngozi hiyo kuna uso uliolegea. Mwaka 1925 daktari wa Kiitalia Francesco La Cava alitangaza kuwa uso huo ni wa Michelangelo mwenyewe, na tafsiri hiyo imekubaliwa na wataalamu wengi. Picha ilikuwa mbele ya macho ya watu kwa karibu karne nne kabla ya hoja hiyo kutolewa hadharani. Kuonekana na kutambuliwa ni mambo mawili mbalimbali.

Caravaggio alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1606 alimuua mtu mjini Roma, akahukumiwa kifo, akawa mkimbizi Napoli, Malta na Sicilia. Katika picha ya Daudi akiwa na kichwa cha Goliathi, iliyoko Galleria Borghese, uso wa Goliathi ni wa Caravaggio. Wataalamu wengi huisoma kama ombi la msamaha, kwa kuwa Kardinali Scipione Borghese alikuwa na uwezo wa kumwombea kwa Papa. Mchoraji anakitoa kichwa chake mwenyewe, kana kwamba anasema hukumu imekwisha kutekelezwa, basi aachwe arudi. Alifariki mwaka 1610 kabla ya kufika Roma. Hii ni taswira-nafsi ya mkimbizi anayelazimika kujieleza kwa lugha inayoeleweka na mwenye mamlaka.

3.3 Jicho la mtazamaji

Frida Kahlo wa Meksiko anajulikana kwa picha zinazomtazama mtu usoni. Lakini katika picha ya mwaka 1938, ambayo jina lake lina maana ya “kile ambacho maji yalinipa”, uso wake haumo. Tunaona miguu ndani ya beseni la kuogea, kidole kimoja kikiwa na jeraha, na juu ya maji zinaelea kumbukumbu: wazazi wake, mlima wa volkano, mimea, mwili wa mwanamke. Mtazamaji amewekwa pale kilipo kichwa cha mchoraji. Hamwoni Kahlo. Anaona kile ambacho Kahlo anakiona.

Mifano hii inatupa njia tatu: ushahidi wa kuwepo, mwili wa kuazima, na mtazamo wa kushirikiana. Zote tatu zinawezekana bila mchoraji kuchora uso wake kwa ukamilifu. Ndiyo maana zinaweza kutuongoza katika utamaduni usiochora nyuso.

4.0 Pwani Isiyochora Nyuso

Katika miji ya Waswahili, uchoraji wa sura za watu haukupewa nafasi kubwa. Mafunzo ya Kiislamu yaliuelekeza ufundi wa mkono kwenye nakshi za mimea, maumbo ya kijiometri na maandishi. Kwa hiyo mtafiti anayetafuta picha za watu katika mabaki ya Koyama, Ngumi au Chula atakuta misikiti, kuta na makaburi ya mawe, kama yalivyoelezwa na Neville Chittick baada ya ziara yake ya kiakiolojia iliyochapishwa mwaka 1969. Kabla yake, Vinigi Grottanelli alikuwa amechapisha mwaka 1955 kitabu kikubwa cha Kiitalia kuhusu wavuvi hawa, na humo mkazo wake uko katika maisha ya bahari. Mkazo huo unatuelekeza mahali pa kuangalia kwanza: chombo.

4.1 Jicho la mtepe

Mtepe ni chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisichotegemea misumari, na tanga lake ni la mraba lililosukwa kwa miyaa. Ushonaji wa vyombo katika pwani hii ni wa kale. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kuhusu safari za Bahari ya Hindi kinataja mashua zilizoshonwa katika pwani ya Azania. Mtepe uliojulikana katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ulihusishwa na Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, ukibeba bidhaa kama boriti za mikoko. Ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita.

Kilichowavutia watafiti kama James Hornell na A. H. J. Prins ni omo yake. Omo ya mtepe ilirefuka mbele kama shingo, ikaishia kwa umbo lililofananishwa na kichwa cha ngamia, na ikachorwa jicho. Mapokeo yaliyonakiliwa pwani yanasema umbo hilo ni heshima kwa ngamia wa Mtume.

Vyombo vyenye macho vimekuwepo kutoka Bahari ya Kati hadi China, kwa hiyo jicho peke yake si alama ya Wabajuni. Kinachostahili kuzingatiwa ni muungano wa mambo matatu: jicho, shingo ya ngamia na ushonaji. Tafsiri ya kidini inayoelezwa na mapokeo ina uzito wake na haipaswi kupuuzwa. Makala haya yanapendekeza tafsiri ya pili inayoweza kukaa kando yake. Wabajuni wa Kismayu na visiwani waliishi kati ya uchumi wa aina mbili: bahari mbele yao, na bara la wafugaji wa ngamia nyuma yao. Kukivika chombo cha bahari shingo ya mnyama wa bara ni kuzitamka pande zote mbili za maisha kwa umbo moja. Hapa jamii inajionyesha kwa mwili wa kuazima, kama Michelangelo alivyofanya kwa ngozi.

Jicho nalo linafanya kazi iliyo karibu na ile ya Kahlo. Halimwonyeshi baharia. Linatazama kule anakotazama yeye, kwenye maji yaliyo mbele, yenye miamba na mikondo. Anayekiona chombo kikija anaonwa nacho.

Kuna alama nyingine isiyoonekana kabisa kwa mbali, nayo ni mshono. Mashimo ya kamba yalizibwa, na kazi ya fundi ikabaki ndani ya chombo. Aliyewahi kushona alijua kuusoma mkono wa mwenzake. Abiria hakuona chochote. Hapa kigezo chetu cha pili kinatimia bila shaka.

Kigezo cha tatu nacho kinajitokeza katika historia ya karibuni. Mwaka 2003 mtepe ulishonwa upya Zanzibar, ukapewa jina Shungwaya, na kuwekwa katika makumbusho ya Beit al-Ajaib. Anayejua mapokeo ya Wabajuni na Wamijikenda husikia katika jina hilo asili inayosimuliwa kuwa katika pwani ya kusini mwa Somalia, sehemu za Birikau na jirani zake. Asiyejua huona mashua kubwa yenye jina la ajabu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib iliporomoka, na tukio hilo lilikumbusha kuwa hata kilichohifadhiwa katika makumbusho hakiko salama daima. Maelezo yaliyorekodiwa na kutunzwa mahali pengi hudumu kuliko mbao.

4.2 Chombo kilichokwaruzwa ukutani

Mfano wa karibu zaidi na uchoraji wenyewe ni michoro ya vyombo iliyokwaruzwa katika lipu za kuta za kale. Peter na Margaret Garlake waliiandikia makala mwaka 1964, na mifano imepatikana katika magofu mbalimbali ya pwani ya Kenya na Tanzania, kama Gedi na Kilwa. Mingi huonyesha milingoti, matanga na kamba kwa uangalifu wa mtu aliyevizoea vyombo, huku mabaharia wenyewe wakiwa hawamo.

Tukiisoma kwa vigezo vyetu, mkwaruzo huo unafanana na maandishi ya Van Eyck juu ya kioo. Mkono uliochora unasema “nilikuwepo” kwa kuonyesha jinsi unavyokijua chombo. Utambulisho unatokana na ujuzi: mtu ni kile anachoweza kukieleza kwa usahihi. Fikra hii ina thamani katika mjadala wa hifadhi unaofuata.

4.3 Jina ndani ya utenzi

Mahali ambapo mtunzi wa pwani alijionyesha waziwazi zaidi ni beti za mwisho za utenzi. Kwa desturi, baada ya kumaliza kisa au mawaidha, mtunzi hujitaja, hutaja nasaba au mji wake, huomba dua, na mara nyingi hutoa tarehe na hesabu ya beti.

Mfano unaojulikana sana ni wa Mwana Kupona, aliyetunga utenzi wa wasia kwa binti yake Mwana Hashima mwaka 1275 Hijria, yaani 1858. Utenzi huo si wa Kibajuni, lakini umetoka katika kisiwa cha Pate, ambacho Wabajuni wa Faza na Kizingitini wanaishi humo. Mume wa Mwana Kupona alikuwa mtawala wa Siyu aliyepambana na Seyyid Said wa Zanzibar, na mwenyewe alikuwa mgonjwa alipotunga. Mwishoni anajitaja kwa jina, anataja Pate alikozaliwa, na anaweka mwaka. Kama Clara Peeters kwenye mpini wa kisu, anaacha jina lake ndani ya kazi inayoonekana kuhusu jambo jingine, yaani wajibu wa mke nyumbani. Ndiyo sababu wasomaji wamegawanyika: wapo wanaousoma utenzi kama mafunzo ya utii, na wapo wanaouona ndani yake mwanamke mwenye busara anayemfundisha bintiye kuishi vizuri ndani ya mipaka aliyowekewa. Mgawanyiko huo unatokana na swali kama mtunzi yumo katika kila ubeti, au katika zile za mwisho peke yake.

Kaskazini mwa Kismayu, mjini Barawa, Dada Masiti alitunga kwa Chimiini, na jina lake limehifadhiwa na jamii pamoja na utungo wake. Kwa upande wa Wabajuni, hazina kubwa imo katika tungo simulizi, hasa vave, zinazoimbwa na wakulima usiku kabla ya kuchoma msitu uliofyekwa kwa ajili ya mashamba, na kimai, nyimbo za mabaharia. Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi wa Lamu, alionyesha katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, kwamba hata ujenzi wa chombo unaweza kuwa mada kamili ya utenzi. Msamiati wa fundi, ambao vinginevyo ungetoweka pamoja naye, umehifadhiwa katika mizani na vina.

5.0 Mtu Anapotakiwa Kujichora

Mbajuni anayeomba hifadhi ya ukimbizi huwa katika nafasi inayofanana na ya Caravaggio. Anatakiwa kutoa sura yake kwa namna ambayo mwenye mamlaka ataitambua. Mara nyingi hana hati, kwa kuwa taasisi za dola zilizopaswa kuzitoa zilianguka. Kwa hiyo huulizwa kuhusu visiwa, visima, samaki, koo na jirani, na mazungumzo yake huweza kurekodiwa ili lugha yake ichambuliwe.

Utaratibu huu una mantiki. Lugha hubeba alama za mahali mtu alipokulia, na Kibajuni kina sifa zinazoweza kutofautishwa na Kiswahili cha Mombasa. Derek Nurse, mwanaisimu aliyezichunguza lahaja za kaskazini kwa miaka mingi, amekieleza Kibajuni kwa undani na kuandika pia kuhusu matumizi ya ujuzi huo katika kesi za hifadhi. Tatizo huanza pale sura moja ya lugha inapochukuliwa kuwa ndiyo pekee halali. Kijana aliyeondoka kisiwani akiwa mtoto na kukulia Mombasa atachanganya Kibajuni cha wazazi na Kiswahili cha mtaani. Mchanganyiko huo ni historia yake halisi. Kwa mchambuzi anayetafuta Kibajuni cha vitabuni, historia hiyo huonekana kama udanganyifu.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2004 na kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali ulisisitiza kwamba lugha huonyesha mazingira ambamo mtu amelelewa na haiwezi peke yake kuthibitisha uraia, na kwamba uchambuzi ufanywe na wanaisimu wenye sifa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikizijadili rufaa za waombaji waliosema wametoka Somalia, ilieleza kwamba ripoti za aina hiyo ni lazima zipimwe kwa makini katika kila kesi, na kwamba wachambuzi wa lugha wasitoe hukumu kuhusu ujuzi wa mwombaji wa nchi na utamaduni wake bila kuonyesha msingi wa utaalamu wao katika eneo hilo.

Kwa istilahi za makala haya, mamlaka hutaka taswira-nafsi ya kawaida: uso wa mbele, mistari iliyonyooka, jina chini yake. Watu wengi waliohamahama hubeba taswira-nafsi fiche. Mvuvi anaweza kushindwa kutaja umbali kati ya Koyama na Kismayu kwa kilomita, lakini akaeleza safari hiyo kwa upepo, maji kujaa na kupwa, na mahali pa kukwepa miamba. Mwanamke ambaye hakutoka kisiwani hawezi kuijua mitaa ya mji, lakini anajua kisima kipi maji yake ni ya chumvi. Kutokujua kwa namna fulani kunaweza kuwa ushahidi sawa na kujua, iwapo anayesikiliza ana kaida za kukisoma.

6.0 Maana Iliyotunzwa Pamoja na Kazi: Mfano wa Lubumbashi

Je, maelezo ya mtengenezaji yanaweza kutunzwa pamoja na kazi yake? Mfano mzuri unatoka katika eneo jingine la Waswahili. Mjini Lubumbashi, miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora mfululizo wa picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yake, na kuzieleza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyerekodi mazungumzo hayo na kuyachapisha mwaka 1996. Katika picha ya kifo cha Lumumba, misalaba mitatu imesimama nyuma. Hatuhitaji kukisia maana yake, kwa sababu Tshibumba mwenyewe alimfananisha Lumumba na Yesu. Mchoraji alijiita mwanahistoria, na rekodi inamruhusu kubaki hivyo. Kama picha zingeuzwa moja moja bila sauti yake, zingebaki kuwa mapambo ya ukutani.

Kwa Wabajuni, kazi nyingi zimekusanywa kwa utaratibu ulio kinyume. Makumbusho yana vielelezo vya mtepe, na maktaba zina maelezo kwa Kiitalia na Kiingereza. Sauti za waliovitengeneza vyombo hivyo hazikutunzwa kwa kiwango kile kile. Waliokimbia Kismayu na visiwa wakiwa watu wazima mwaka 1991 sasa ni wazee, na baadhi yao wako Mombasa, Lamu na miji ya Ulaya.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, ukusanyaji wa tungo, msamiati wa bahari na masimulizi ya Wabajuni ufanywe kwa Kibajuni, pande zote za mpaka na katika diaspora, ukiongozwa na wazungumzaji wenyewe. Rekodi ziambatanishwe na maelezo ya msimulizi kuhusu maana, kwa mfano wa Lubumbashi, na nakala zake ziwekwe katika taasisi zaidi ya moja.

Pili, makumbusho yenye vielelezo vya mtepe yaongeze maelezo kwa Kibajuni na Kiswahili sanifu yanayotaja majina ya sehemu za chombo, mapokeo kuhusu omo na jicho, na uhusiano wa chombo na jamii iliyokitengeneza.

Tatu, mamlaka zinazosikiliza maombi ya hifadhi ziutambue mchanganyiko wa lahaja kuwa sehemu ya historia ya ukimbizi wa Wabajuni. Uchambuzi wa lugha ufanywe na wataalamu wanaokijua Kibajuni cha visiwani pamoja na Kibajuni kilichokulia Kenya, na ripoti zieleze mipaka yake.

Nne, maswali ya mahojiano yatungwe kwa kuzingatia ujuzi halisi wa maisha ya visiwani, umri, jinsia na kazi ya mhojiwa. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina wataalamu wa lahaja wanaoweza kushauri katika kazi hiyo, na ushauri wao uombwe mapema kabla kesi hazijafika rufaa.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba wachoraji mashuhuri walijiingiza katika kazi zao kwa ushahidi wa kuwepo, kwa mwili wa kuazima na kwa mtazamo wa kushirikiana, na kwamba njia hizo zinapatikana pia katika pwani ambayo haikuchora nyuso. Jicho na shingo ya mtepe, chombo kilichokwaruzwa katika lipu na jina katika beti za mwisho ni taswira-nafsi kwa maana kamili ya vigezo vilivyowekwa. Tofauti kubwa iko kwa wapokeaji. Uso wa Michelangelo ulingoja karibu karne nne, na ukuta ulikuwepo kuungoja. Wazee wa Koyama na Chula hawana muda kama huo, na wanaoomba hifadhi leo wana siku chache za kukata rufaa.